Kompyuta ya Mjomba Haina Matumbo

Lobule, Koboko
Alhamisi, 9 Septemba 1993

Kwa Mjomba Romano, Arua

Mjomba wangu mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Kama umesimama, tafadhali keti. Ile kompyuta kuukuu uliyoniletea kutoka ofisini kwenu nilipomaliza Senior Four haina kitu ndani. Nimeitoa matumbo yote mimi mwenyewe, kidogo kidogo, kwa kisu cha jikoni. Sijamwambia mtu mwingine.

Sasa naomba nilalamike. Nimesikia umeniandikisha kujifunza kushona kwa Bibi Rosa Kiden huko Koboko mjini, na kwamba naanza Jumatatu. Nakushukuru sana. Sitaweza kwenda, kwa sababu zifuatazo:

1. Kompyuta yenyewe. Lobule hakuna umeme, kwa hiyo Mama aliiweka kwenye meza ya wageni na kuifunika kitambaa alichokifuma kwa mkono, chenye maua ya waridi. Wageni huisalimu kompyuta kabla ya kunisalimu mimi. Shangazi Keji huuliza, "Iko hai ama iko lala?" Mama humjibu, "Punguza sauti, iko fikiri." Kwa miezi mitano hakuna aliyeinua kitambaa ila mimi. Nikijifunza kushona nitaongeza vitambaa vya namna hiyo duniani, na dhamiri yangu hainiruhusu.

2. Redio ya Baba. Ilinyamaza mwezi wa Mei. Baba alitoa betri akazianika juu ya bati zipate nguvu, kama walivyofanya jeshini. Siku tatu, kimya. Akaanika redio yenyewe. Ijumaa alipokwenda msikitini nilipanda, nikaifungua, nikakuta waya umeachia. Lehemu niliibandua kwenye kompyuta yako, nikaiyeyusha kwa msumari wa moto. Baba aliporudi, redio ilikuwa inasoma habari peke yake juu ya bati. Alisimama uani akaipigia saluti huku akicheka. Ningesema kweli siku ile ile, Mjomba, lakini sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu avue sare. Nikashindwa.

3. Sasa watu hutoka Midia na Ludara, redio zimefungwa nyuma ya baiskeli, wakimtafuta Baba, ambaye sasa wanamwita "Sule wa Jua". Baba huzipanga juu ya bati kwa safu, kama gwaride. Huniagiza, "Hii geuza uso mashariki. Na usiguse ndani, wewe mtoto wa kike, utaharibu." Mimi hujibu, "Ndiyo, Baba," bisibisi ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge changu. Spika ya kompyuta yako iko ndani ya redio ya Mzee Pitia wa Midia, na inasema vizuri sana. Nyaya zake zimekwenda Ludara. Feni ndogo bado inatafuta kazi.

4. Nikiondoka Jumatatu, redio sita zitabaki bubu juu ya bati. Wiki iliyopita niliumwa malaria siku nne tu, na tayari jirani yetu Mzee Yangi alipita akiuliza, "Afande, leo jua yako iko na likizo?" Baba alicheka, lakini jioni hakumaliza chakula. Baba alikuwa sajini. Leo analima muhogo kama kila mtu. Zile bati kumi na nane ndizo cheo alichobakiwa nacho, na mimi ndiye ninayekishikilia kwa chini.

5. Kwa hiyo naomba umwandikie Baba, kwa karatasi yenye muhuri, kwamba kompyuta za aina hii haziachwi peke yao hata siku moja. Sharti akae nazo msichana aliyemaliza Senior Four, mpaka zizoee nyumba. Andika kwamba kazi hiyo itakwisha umeme utakapofika Lobule. Hapo nitakuwa salama mpaka nizeeke. Ongeza pia kwamba kitambaa kisiinuliwe, maana kikiinuliwa tumekwisha wote, na wewe ndiwe uliyeileta.

Ikiwezekana, tuletee nyingine mbovu. Hii imeliwa ikaisha.

Msalimie sana Mama Viktoria, watoto wote kuanzia mkubwa hadi huyo anayeota meno, na karani mwenzako aliyekupa kompyuta. Mwambie inatumika kila siku.

Ni mimi mpwa wako ninayekutii, isipokuwa katika jambo hili,

Madina Sule

Nyongeza, Ijumaa. Nimekuja mjini kumpa dereva wa lori la Arua barua hii. Lori halijafika, nikaona nipite kwa Bibi Rosa Kiden nimwambie kwa adabu kwamba siji. Nilimkuta anapigana na cherehani. Mjomba, ana cherehani kumi na moja. Saba ni mbovu! Niliomba kuangalia tu. Nilipotoa skrubu ya kwanza aliuliza, "We mtoto, nani alikufundisha?" Niliendelea na skrubu ya pili, wala hakuniambia niache. Moja imeshaanza kushona. Samahani kwa alama za mafuta kwenye karatasi.

Tafadhali usimwandikie Baba. Jumatatu nitafika kabla ya mwalimu. Redio nitamwambia Baba azianike Jumamosi tu, nikiwa nyumbani, kwamba jua la Jumamosi ndilo linaloingia mpaka ndani. Na akikuuliza mtu yeyote, nimekwenda kujifunza kushona. Hayo mengine, Mjomba, yaishie kwako.