Mjukuu Mwenye Mkia

Alhamisi, 12 Juni. Lindi.
Keshokutwa Mama anakuja kutoka Nyangamara. Atauliza tena habari za mjukuu. Mimi na mke wangu Zakia tulikwisha kukubaliana: watoto hapana, paka anatosha. Zakia ashauri tumweleze hivyo waziwazi. Pendekezo la kishujaa, lisilo na mbinu. Nimeandaa hoja: anayelishwa, kuogeshwa na kudekezwa nyumbani ni mtoto. Paka wetu Pazi hupata yote hayo. Basi Pazi ni mjukuu.

Jumamosi, 14 Juni.
Shikamoo, marahaba, chai, kisha swali. Nikatoa hoja. Mama alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lingepaswa kunishtua. Akampakata Pazi, akamwita “mume wangu”, kama bibi amtaniavyo mjukuu, akamuuliza mbona kaja kuposa bila suruali. Hoja imepita!

Jumapili, 15 Juni.
Mama kaondoka na basi la asubuhi. Pazi naye, ndani ya kikapu. Mjukuu wa kwanza, kasema, hulelewa na bibi yake. Nami nililelewa hivyohivyo. Nilidokeza kwamba huyu, kwa kweli, ni paka. Mama akauliza kwa upole: kama huyu ni paka, mjukuu wangu yuko wapi? Nikafunga kikapu kwa mkono wangu mwenyewe. Zakia hasemi nami.

Jumanne, 17 Juni.
Pazi kanenepa, asema Mama kwenye simu. Analala kitandani kwake. Zakia ameosha bakuli la Pazi, ambalo halikuwa chafu. Ufumbuzi: sungura. Wa pili hubaki kwa wazazi. Nimempata sokoni, mweupe. Zakia kacheka, mara ya kwanza tangu Jumapili. Nikampigia Mama kumtangazia uzazi.

Ijumaa, 20 Juni.
Mama hakukaa na habari njema. Mkwe wangu, Bi Fauzia, mama yake Zakia, kafika leo kutoka Miteja na kanga ya kubebea. Wa kwanza amekwenda upande wa baba, kasema. Huyu ni wa upande wa mama. Masikio, kasema, ni ya marehemu babu yake. Kaondoka naye mgongoni.

Jumapili, 22 Juni.
Nyumba kimya. Zakia auliza kama sasa twaweza kuwaambia wazee ukweli, turudishiwe paka wetu. Nimemfafanulia kwamba hoja haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika uteuzi. Tulichagua wanaobebeka. Kesho nanunua bata mzinga: hapakatiki, habebeki, na hudonoa wageni.
Mama nimekwisha kumtaarifu.