Kitanda cha Mianzi Mdomoni mwa Kichochoro

Jumatatu, 8 Julai

Joto la Wuhan halina huruma. Abiria watatu tu tangu asubuhi. Teksi zisizo na dereva zimeenea upande wetu wote wa jiji, Hankou nzima, nyeupe, kimya, zinaniwashia taa kwa adabu. Sisi madereva tunaziita Mabubu. Zinaniudhi!

Halafu Mama. Miaka sita nampeleka hospitali kwa ajili ya goti lake, kila Jumanne na Ijumaa. Kiti cha nyuma, kulia. Mto wake wa kukalia hauondoki pale. Leo kaniambia kesho nisijisumbue. Nikamuuliza ataenda na nani. Eti usafiri upo. Usafiri gani? Akanisukumia bakuli la tambi za ufuta, nile zisipoe.

Jumanne, 9 Julai

Nimemvizia nyuma ya toroli la mboga. Bubu likaingia kichochoroni kwetu, mlango ukafunguka wenyewe, Mama akapanda bila hata kugeuka. Mama yangu mzazi! Nimeumia, sitajidanganya. Nilikaa ndani ya teksi yangu nikiutazama ule mto.

Akapita Xiong. Zamani dereva mwenzetu, siku hizi anaosha Mabubu kwenye gereji ya kampuni na kujishaua kwa fulana mpya. Akanicheka: "Kuang we, hata mama kakuhama!" Nilichomjibu hakiandikiki hapa.

Jumatano, 10 Julai

Nimepata! Bubu halina ubavu wa kugombana. Ukilizibia njia linasimama, linakungoja. Na mimi ninacho kitanda cha mianzi cha marehemu Baba, kile tulichokuwa tunakilalia barabarani majira ya joto, enzi mtaa mzima ulikuwa ukilala nje kabla ya viyoyozi. Nitakitega mdomoni mwa kichochoro. Nani atamzuia mtu wa Wuhan kulala nje kwenye joto hili? Bubu litakwama, Mama atakosa gari, atarudi kwangu. Safi kabisa.

Ijumaa, 12 Julai

Asubuhi na mapema nikajilaza barabarani na upepeo wangu wa mkono. Bubu likaja. Likasimama. Likawasha taa. Nimeshinda!

Ila majirani wakakiona kitanda. Bi Ruan, jirani wa mlango wa pili, akasema mara ya mwisho kuona hivi alikuwa kigoli. Akaburuta cha kwake. Mwingine akaleta tikiti maji, mwingine meza ya mahjong, ule mchezo wa vigae. Mara kichochoro chote kimejaa watu wamejinyoosha, wanataniana. Watu ambao siku hizi tunapishana ngazini hata salamu hakuna! Nikafurahi mpaka nikasahau kilichonileta.

Mama akatoka na mkoba wake. Nikaruka, nikamfungulia mlango wa teksi kwa heshima zote. Hapo ndipo akili ikanirudi. Teksi yangu iko ndani ya kichochoro. Vitanda viko mbele yake. Nikawasihi wapishe. Bi Ruan akaniambia nikome, ameshika vigae vizuri ajabu, hainuki hata polisi waje.

Basi nikamshika Mama mkono. Akapita katikati ya vitanda akichechemea, mpaka kwenye lile Bubu. Bado lilikuwa linamngoja. Pale mlangoni nikamuuliza nimemkosea nini.

"Wewe mtoto, unagombana na kila gari kutoka hapa mpaka hospitali," akasema. "Nikifika presha imepanda, daktari anagoma kunichoma sindano. Na hao abiria wanaokupungia ukawapita kwa sababu yangu, unafikiri siwaoni?"

Akanipapasa shavu. Mlango ukajifunga.

Jumanne, 16 Julai

Nimemwapia Mama kwamba nitafunga mdomo. Kakubali kunijaribu. Tukaenda kimya, raha mustarehe, yeye na mto wake nyuma, nikasikia moyo umetulia kabisa. Kumbe wakati wote huu nilichokitaka ni hiki tu.

Tukafika darajani. Bubu lililokuwa mbele yetu likasimama. Linampisha njiwa. Njiwa! Nikatoa kichwa dirishani, nikalitukana lenyewe na kiwanda kilicholizaa.

Tulipovuka Mama akaniomba nisimame. Hakukasirika. Akashuka polepole, akabonyeza simu yake. Kisha akafungua tena mlango, akachukua na mto.

Nikalifuata Bubu lake mpaka hospitali, teksi tupu. Watu wawili walinipungia njiani, nikawapita. Mama alikuwa ananitazama kwenye kioo cha nyuma. Acha niseme ukweli, linaendesha vizuri. Limemfikisha salama.

Nimekaa hapa nje namngoja atoke. Nimelipima kwa macho lango la hospitali. Ni pana, kitanda kimoja hakitatosha. Jioni nitaazima na cha Bi Ruan.