Nyasi Zimeezekewa, Mimi Navujiwa

Ndugu Mkuu wa Kituo cha Utafiti wa Nyasi,

Pokea salamu za jirani yako, mzee mwenye mbuzi mmoja na meno tisa. Shule niliishia darasa la nne, tena nikichungulia dirishani, kwa hiyo nivumilie.

Mtaalamu wenu, yule binti wa miwani, amempiga marufuku mbuzi wangu kukanyaga uwanda. Anasema hali ya hewa imebadilika, aina za majani zimeshuka kutoka kumi na tisa hadi tano, na mbuzi anamalizia zilizobaki. Napinga kwa adabu zote:

1. Mbuzi wangu hajawahi kubadilisha hali ya hewa. Anabadilisha hewa ya chumbani tu, na hilo tunalimaliza kifamilia.

2. Kipande namba moja cha majaribio yenu mmekitia mbolea. Jani moja likanenepa, likawazibia wenzake jua, wakafa kimya kimya. Nalijua jani la namna hiyo. Shemeji yangu alikuja kwetu kwa wiki mbili, huu mwaka wa sita.

3. Kipande namba tatu mmekiezeka kwa nailoni, eti nyasi zionje ukame. Mimi kitanda changu kimezungukwa na sufuria nne za kukinga matone! Jani lisilowe, mzee alowe?

4. Ushahidi mkuu. Mwezi uliopita mbuzi aliteleza akaingia namba tatu, kwa bahati mbaya, kupitia tundu nililokata. Jana binti kahesabu aina kumi na moja, pamoja na kile kiua cha njano nilichokiona mara ya mwisho nikiwa kijana. Karukaruka, kasema zimezoea ukame. Ukame gani! Mbuzi kakata vichwa vya wababe, wanyonge wakaota jua.

5. Kwa hiyo mbuzi aajiriwe, apewe na koti jeupe. Fanyeni haraka. Tangu afungwe nyumbani ametafuna pazia, kalenda na nusu ya gauni la mke wangu. Mama watoto kanipa hadi Ijumaa tuamue nani ahame, mbuzi au mimi. Nimefikiri sana. Mbuzi hana pa kwenda.

Nisalimie mlinzi, mpika chai, na kila jani kwa aina yake.

Jirani yenu mtiifu kiasi,
Babu Mbuzi

N.B. Zile sufuria zimesharudi jikoni. Nailoni ya namba tatu iko juu ya paa langu tangu mvua ya kwanza ya mwezi uliopita, haipitishi hata tone. Pale nimewawekea chandarua changu chakavu, kwa mbali hakina tofauti. Binti akigundua, mwambieni ni mbuzi.