Mabao Mawili ya Mzee Chilumba

Leo nimeumbuka, wenzangu. Nawaandikia upesi, nyayo zangu zikiwa ndani ya beseni la maji baridi, ili habari hii muipate kwangu kwanza. Kesho asubuhi itakuwa imeshapanda basi la Dar es Salaam, na huko njiani itaongezewa chumvi.

Mnanijua. Mwalimu wa sayansi, darasa la sita na la saba. (Sayansi. Hilo lishikeni vizuri.) Wiki iliyopita baharia mmoja aitwaye Sudi alishusha hapa Lindi televisheni kutoka Unguja. Kubwa! Sanduku la mbao lenye miguu minne, kioo kipana kama sinia la pilau. Akasema nimpe baiskeli yangu tu, tumemalizana. Moyoni nikamwona mjinga. Lakini mimi msomi, siwezi kununua kitu bila kuhoji. Nikauliza kama inakubali umeme wetu. Nikauliza kama ni ya wizi. Nikauliza kama inaonyesha vizuri. Akaapa kwamba kule Unguja ilionyesha mpaka jasho usoni mwa mtu, na akaongeza kwamba huko Ulaya watu wanacheza hata mpira ndani ya kioo kama hicho, kwa kuzungusha kitufe. Hakunidanganya hata neno moja, Sudi wa watu. Ni kwamba swali lenyewe sikuliuliza.

Jioni ile ile balozi wetu wa nyumba kumi alifika kutaka kujua kama mwalimu ameanza ubepari hapa mtaani kwetu Rasbura. Nikamjibu kwamba hii ni televisheni ya kijamaa, itaangaliwa na wote, na Ijumaa baada ya swala waje wajionee. Siku hiyo niliichagua makusudi. Ndiyo siku ambayo Mzee Chilumba, babake Zuhura, angetoka Rutamba kuniletea jibu la posa yangu. Nilitaka akute nyumba ya mtu wa maana.

Basi leo wakaja. Chumba kikajaa, baraza ikajaa, wengine wakachungulia dirishani. Mzee Chilumba nikampa kiti cha mbele. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaitazama ile televisheni, akatabasamu kidogo. (Lile tabasamu ningelielewa, sasa hivi ningekuwa nimevaa viatu.) Nikatoa hotuba. Ndiyo, hotuba! Juu ya mawimbi na namna yanavyosafiri angani. Kisha nikawasha.

Chenga. Chenga tupu, na mlio kama samaki anakaangwa.

Nikazungusha kila kilichozunguka. Chenga. Nikatangaza kisomi kwamba tatizo ni antena, nikachukua waya wa shaba nikapanda juu ya bati. Saa nane mchana. Pekupeku. Bati la Lindi saa nane mchana sina haja ya kulieleza. Nikawa naruka huko juu kama kuku aliyekanyaga makaa, na Mzee Chilumba, kwa upole kabisa, ananielekeza kutoka dirishani: nisogee kulia, nirudi kushoto, niuinue waya zaidi. Kila nikiuliza kama picha imekuja, ananijibu bado kidogo. Hiyo bado kidogo ilikula karibu saa nzima.

Nikashuka nyayo zimeiva. Balozi akataka kujua kama hii ndiyo ile mali ya wote. Hapo, ndugu zangu, ningeweza kusema sijui. Neno moja tu, wala halina gharama. Lakini msomi aseme hajui mbele ya mkwe? Nikakumbuka maneno ya Sudi. Nikasema kwamba hizo wanazoziita chenga si chenga, ni mchezo. Mpira wa Ulaya. Zile nukta nyeupe ni wachezaji. (Wako wengi kiasi hicho kwa sababu wenzetu wameendelea.) Na ili kuthibitisha, nikamwomba Mzee Chilumba ashike kitufe acheze.

Akacheza. Alikizungusha kitufe taratibu, uso umetulia.

"Nani anaongoza?" akaniuliza.

"Wewe, mzee," nikasema. "Mbili bila."

Akakiachia kitufe. Akanigeukia, akasema polepole, kila mtu akisikia:

"Mwanangu, mimi nimerudi kutoka Unguja mwezi uliopita. Nilikuwa kwa mdogo wangu, na televisheni tukiiangalia kila jioni. Kituo cha kurusha picha kiko kule. Huku bara hakuna. Hapa hakuna, na Dar es Salaam hakuna. Sasa hayo mabao mawili nimemfunga nani?"

Balozi aliteleza kutoka kwenye kigoda akakaa chini, akacheka hapo hapo chini. Wanawake wa barazani walishikana mabega. Mimi nilisimama kando ya televisheni yangu, na yenyewe ikaendelea kukaanga samaki.

Walipotawanyika nilimsindikiza mzee hadi kituo cha basi, nikichechemea. Nikamuuliza, kwa heshima, kwa nini aliniacha juu ya bati muda wote ule hali anajua.

"Nilikuwa nangoja useme hujui," akanijibu. "Nikaona wewe unapenda zaidi kuungua."

Kisha akanieleza kwamba Zuhura alikwisha kukubali, na kwamba yeye alikuja Lindi leo kuniambia ndiyo. Lakini jibu hilo sasa anarudi nalo Rutamba. Atamsimulia binti yake yote, hotuba, bati na mabao, ili ajue anaolewa na nani, halafu ajibu upya. Jibu nitaletewa Jumapili. Akapanda basi, akakaa, akatoa kichwa dirishani kuniambia kwamba mtoto wake anapenda sana kucheka. Mpaka sasa sijajua kama hiyo ni habari njema.

Basi niombeeni. Na mkitaka kunicheka, pangeni foleni kama wenzenu, maana Rasbura nzima iko mbele yenu.