Mjomba wa Mke Wangu Hakati Ufuta

Jumatatu, 6 Juni 1994, Kikole
Mimi Fidelis bahati nimezaliwa nayo. Dar nimekaa, Tanga nimekaa. Shule niliishia darasa la tano, yaliyobaki nikayasoma barabarani. Ekari sita za ufuta zimeiva. Wakataji watano, wote wa ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji. Hawana karatasi, hawana kelele. Nawapa unga, chumvi na shati la mtumba. Fedha nimewaahidi tangu palizi ya mwezi wa tatu. Hussen, jirani aliyekuwa akinikatia kila mwaka na vijana wake, alikuja kuuliza kazi. Nikamtajia nusu ya bei ya mwaka jana. Akaondoka bila kuaga. Shauri yake! Siku hizi soko huria.

Jumanne, 7 Juni
Duka langu la hapa kijijini limelala. Sukari inaganda guniani. Mafuta ya taa hakuna anayeuliza. Wateja wa Kikole wamepotelea wapi? Nimefikiri sana, nikaona sababu ni rangi ya mlango. Nimenunua kopo la kijani.

Alhamisi, 9 Juni
Balaa! Mtendaji wa kata kapita shambani, anaandika wageni. Sipriani, mkubwa wa wakataji, alisimama na mundu wake kama kapigwa msumari. Nikamwonea huruma. Nikawahi kusema huyu ni mjomba wa mke wangu, katoka Newala, na hawa wanne ni wapwa zake. Lugha moja na watu wa Newala, chale moja usoni, nani atabisha? Mtendaji akamwamkia shikamoo. Kisha akaniuliza inakuwaje mjomba wa mke yuko juani na mimi niko kivulini. Nikacheka. Kichwa hiki kingezaliwa Ulaya!

Ijumaa, 10 Juni
Kijiji kizima kimekuja kumwamkia mjomba. Shikamoo na marahaba mpaka adhuhuri. Hakuna aliyegusa mundu. Nikamkumbusha mke wangu, Benadetha, kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Akasema huyo ni mgeni. Kwao, mjomba wa mke ndiye anayempa mkwe jembe. Anajua fika ni uongo wangu, lakini mjomba wake alikufa zamani na huyu kampenda. Kamchinjia jogoo wangu. Nimekata mwenyewe mistari miwili. Mgongo! Na maganda ya chini yameanza kupasuka. Siku nne zaidi, mbegu zote zitakuwa chini.

Jumapili, 12 Juni
Baada ya ibada, Mtendaji na wazee walikuja kukaa mkekani kwangu. Sipriani akaomba kusema. Sauti ya chini, macho kwenye mkeka.
"Mkwe, tumekaa kwako miezi mitatu. Sasa tunataka kurudi nyumbani. Utatuagaje?"
Wote wakanitazama. Nikisema ni vibarua, naulizwa karatasi zao. Nikinyamaza, nimemwacha mjomba aondoke mikono mitupu mbele ya watu. Nikaingia ndani, nikatoa yote niliyowaahidi, na nauli juu. Nikaongeza kitenge cha mke wa Sipriani, maana kwao vita vimekwisha na hajamwona miaka minne. Kitenge hakuna aliyenilazimisha.

Jumanne, 14 Juni
Wameondoka jana alfajiri. Nimekwenda kwa Hussen kwa miguu, nikamwahidi bei ya mwaka jana. Akanikaribisha uji. Vijana wake wameshakwenda Milola, huko kibarua kinalipwa vizuri. Nikamlaumu kwamba jirani haachi mazao ya jirani yamwagike. Hakukasirika.
"Bwana Fidelis, sukari yako tulikuwa tunainunua sisi, kwa fedha ya kukata ufuta wako. Mwaka huu ulitaka ainunue nani?"
Nimelifikiria swali hilo njia nzima. Zito. Nilipofika dukani nikapaka mlango mara ya pili.

Alhamisi, 16 Juni
Upepo tangu jana. Ufuta umemwagika, ardhi nyeupe, kwale wanashiba. Nimekata nusu ekari tu. Benadetha anapepeta kilichopatikana.
Lakini nina wazo! Dereva wa lori kaniambia upande wa Songea kuna watu wanavuka Ziwa Nyasa usiku, nao hawaulizi bei. Mwakani naleta kumi. Mtendaji akiuliza, nitasema ni marafiki wa kaka yangu. Mjomba ana gharama.
Na lile la bahati nililoandika Jumatatu ile ni uongo. Nilikuwa na watu wasioweza kunidai, basi.