Uso wa Marehemu

Jumatatu, 5 Agosti
Nimepewa mteja wangu wa kwanza. Mama Birago anataka gauni la kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu mumewe afariki. Kitambaa chenyewe kimechapwa uso wa marehemu, nyeusi kwa nyeupe. Madamu Konadu, fundi anayetufundisha, kanikumbusha sheria: kaa na mteja, chora kwa mkono, uliza, futa, chora tena. Mkasi baadaye. Nikifaulu, Ijumaa napewa mkasi wangu mwenyewe. Nikishindwa, narudi kwenye pasi ya mkaa.

Nikitazamwa, mistari yangu hupinda. Nimemwambia Mama Birago mchoro ni kesho.

Jumanne, 6 Agosti
Mbinu imepatikana. Karatasi juu ya kioo cha simu, mwanga mpaka mwisho, nikafuatisha picha ya mwanamitindo. Mistari safi. Mama Birago kasema nina mkono wa malaika. Pokuaa, mwanagenzi mwenzangu, kauliza mama wa watu kaota lini shingo ya twiga, na marehemu atakaa wapi. Wivu tu. Yeye huchora na kufuta mpaka daftari linatoboka.

Jumatano, 7 Agosti
Nimekata. Nimeshona. Sijala.

Alhamisi, 8 Agosti
Mama Birago kajipima. Kageuka mbele ya kioo. Marehemu ametua katikati ya makalio, kichwa chini. Mama kauliza taratibu kama kanisani atakuwa anamkalia mumewe.

Madamu kauliza kwenye mchoro uso niliuweka wapi. Sikuuweka popote. Pokuaa kachukua penseli, kamchora mama alivyo, mfupi na mnene, huku akimuuliza hili na lile. Mchoro wa tatu, kaona: tukifumua sketi na kutumia kitambaa kilichobaki, marehemu anapanda kifuani. Mama Birago kafuta machozi, kasema hapo ndipo alipokuwa akilaza kichwa.

Ijumaa, 9 Agosti
Mkasi kapewa Pokuaa. Mimi pasi, na michoro ishirini kwa mkono kufikia Jumatatu. Madamu kasema karatasi ndiyo mahali pa kukosea, si kitambaa cha mjane. Nimeyaandika maneno hayo na kuyapigia mstari mara mbili.

Nimelitafakari sana kosa langu. Nilifuatisha picha ya mtu asiyefaa. Pokuaa kasahau daftari lake mezani, nami nimekuja nalo nyumbani. Karatasi zake ni nyembamba, na dirisha letu la jikoni lina jua zuri hadi saa kumi.