Kwa Nini Mtaa wa Larkspur Lazima Ubaki Stratton

Jumatatu, 3 Machi

“Shule mbili za kati za wilaya yetu ni sawa kabisa, na mzazi mwenye busara hana sababu ya kuipigania moja.” Kaandika Curtis Delahunt, jarida la wakazi, ukurasa wa pili, chini ya tangazo la mbwa aliyepotea. Hoja dhaifu kuliko ya mbwa. Shule yetu ya Stratton imejaa. Bodi ya shule itahamishia mtaa mmoja Birch Hollow, ile shule ya pili: wetu wa Larkspur au wa kwake wa Quarry. Kura Alhamisi ya wiki ijayo. Kama shule ni sawa, mbona Curtis hajajitolea kuhama?

Binti yetu Tess anaanza shule ya kati Agosti. Atasoma Stratton. Nitaandika ulinganisho, wenye majedwali.

Jumatano, 5 Machi

Nimezuru zote mbili. Stratton asubuhi. Watoto wawili wawili kwa kabati moja la vitabu. Zamu ya kwanza ya chakula cha mchana saa nne na dakika ishirini asubuhi. Chumba cha bendi sasa ni darasa la hesabu. Nimeandika: “Shule inayogombewa.”

Birch Hollow baadaye. Karani, Bi Pacheco, alinipa kahawa kabla sijaomba. Hila ya zamani. Wanafunzi watatu walinisalimia korido nzima. Bila shaka wamefundishwa kuwasalimia wageni. Nilitafuta kasoro saa nzima nikapata ndoo moja chini ya dari inayovuja. Nikaipiga picha pande nne.

Tess aliuliza kama niliona chumba cha bendi cha Birch Hollow. Anapiga tromboni, tarumbeta ile ndefu ya kuvuta, tangu ana miaka minane. Nilimwambia nilikuwa na shughuli na ndoo. Akasema wana tromboni sita, na mwalimu anayekaa nao kila siku, si mara moja kwa wiki. Akasema angependa kwenda huko. Nilimweleza kwamba mtu wa miaka kumi na mmoja hawezi kulinganisha taasisi. Akaingia chumbani akapiga noti moja, ndefu, ya chini. Ilidumu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepima foleni ya magari ya wazazi saa za kuchukua watoto. Jana Birch Hollow: dakika kumi na moja. Ni nani hana haraka ya kumtoa mtoto wake mahali pale? Leo Stratton: dakika thelathini na nane, mkia mpaka kwenye kituo cha zimamoto. Uthibitisho wa mapenzi ya umma.

Curtis alikuwa gari la tatu nyuma yangu, anamchukua mwanawe mkubwa. Akashusha kioo, akapaza sauti. “Wilma, jirani yangu, unapima foleni? Ukimaliza njoo na kwangu unipimie nyasi.” Nikamjibu kwamba nyasi zake hazihitaji kipimo, zinahitaji rambirambi. Akacheka. Hana hoja, ana meno tu.

Jumapili, 9 Machi

Ulinganisho umekamilika, kurasa kumi na nne. Mume wangu, Lyle, aliusoma akila mayai. Akauliza kwa nini paa lina alama ishirini na bendi haina hata moja. Nikasema ni suala la mbinu. Akauliza alama za mitihani ziko wapi. Ziko kwenye kiambatisho cha tatu, kwa maandishi madogo, kwa kuwa Birch Hollow inaongoza kwa pointi mbili. Lyle akasema, “Mke wangu, mtoto kakwambia anataka nini.” Nikamwambia amalize mayai.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao cha bodi. Dakika tatu kwa kila mkazi. Curtis alitumia moja na nusu kusema shule ni sawa. Ukumbi ukapiga miayo. Mimi nilizitumia zote tatu, na nyingine mbili za bibi aliyekuwa nyuma yangu. Makabati, zamu ya saa nne, chumba cha bendi, foleni. Nikagawa nakala. Nikaketi katika kimya nilichokitambua kuwa heshima.

Mwenyekiti, Bi Okerlund, alivaa miwani akasoma kurasa zote. Akasema kwa miaka sita hajawahi kuletewa ushahidi ulio wazi hivi kwamba Stratton imefurika. Kuhamisha mtaa mmoja hakutoshi. Akapendekeza miwili: Larkspur na Quarry. Kura saba kwa sifuri.

Curtis alinisubiri mlangoni. “Hongera, dada. Mimi nilitaka kuwafukuza ninyi tu. Wewe umetumaliza sote.” Nilifunga koti mpaka shingoni. Baridi ile.

Garini, Tess alinikumbatia shingo kutoka kiti cha nyuma mpaka Lyle akamwambia aniachie nipumue. Anaamini nilipanga. Anasema nilijifanya kuitaka Stratton ili bodi ione ilivyojaa, na kwamba hajui mama wa mtu yeyote mwenye akili kama hiyo. Lyle alikohoa. Mimi nilitazama barabara.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefikiri kwa utulivu. Tess yuko sahihi. Ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Kurasa kumi na nne haziandikwi kwa bahati. Nimehamisha alama ishirini kutoka paa kwenda bendi, na matokeo mapya ni mazuri mno. Lyle kaniomba nipumzike. Yeye hajasikia kwamba mitaa mitatu ya mashariki nayo imeomba kuingia Birch Hollow.

Kwa hiyo, wazazi wa Birch Hollow, nawaambia ninyi mliolala: shule yetu si ya kila mtu. Njooni kikaoni tarehe kumi Aprili, kila mmoja na kurasa zake, mkaithibitishie bodi kwamba hakuna shule nyingine katika wilaya inayoikaribia kwa ubora.